Namba ya Nalianya

Kitengela hakuna mtu wa kungoja kitu asichokiona kikisonga. Mwambie fundi wa bomba yuko njiani, atapiga simu kabla hujafunga mdomo. Mwambie nyama bado, atafunua sufuria mpaka mvuke wote uishe. Na ukimwambia faili zake zinanakiliwa, akae hapo atulie, halafu skrini ibaki nyeusi kimya, jamani! Huyo atachomoa waya mwenyewe, akiapa kwamba mashine yako imekwama na wewe umemwibia.

Morgan Nalianya alikuwa amelijua hilo kwa kuumia. Kaduka kake ka kutengeneza kompyuta kalikuwa nyuma ya duka la Resian, mama wa vyakula vya kuku, karibu na barabara ya Namanga, na humo ndani kulinukia pumba asubuhi hadi jioni. Siku moja karani wa shule fulani alimletea diski. Nalianya akaanzisha kazi, akatoka kutafuta chai. Kurudi, akamkuta karani ameishika diski mkononi. "Ilikuwa haifanyi kitu," karani akasema, tena kwa ukali. Matokeo ya mitihani ya muhula mzima yalikuwa yamekwenda na maji, na wa kulaumiwa akawa nani? Si karani.

Basi Nalianya akakaa chini akaandika skripti yake, yale maagizo mafupi ambayo kompyuta inayafuata moja baada ya jingine bila kuuliza. Skripti ilihesabu faili zote kwanza, halafu kila faili moja ikivuka upande wa pili, namba inapanda pale katikati ya skrini, asilimia kwa asilimia, na chini yake mstari wa vijisanduku unajaa. Wateja wakatulia. Wengine walivuta kiti kabisa wakaangalia, na duka likawa kama nyumba yenye mpira kwenye televisheni.

Lakini namba ile ilikuwa na tabia mbaya. Ikifika kwenye faili kubwa, tuseme video ya harusi, inasimama. Na ikisimama tu, mkono wa mteja unaanza kuwasha. Nalianya, ambaye akili anayo ila huwa anaipeleka asikotumwa, akageuza mpangilio: faili ndogondogo zitangulie, kubwa zikae mwisho. Hapo namba ikawa inakimbia. Kisha akaona yale maneno ya Kiingereza ambayo kompyuta hutapika faili ikikataa kusomeka yanawatia watu hofu bure, akaiagiza skripti iyameze. Faili ikikataa, iruke, endelea na nyingine, namba ipande vilevile. "Nitaangalia baadaye kama kuna iliyobaki," alijiambia, na kwa kweli mara nyingi aliangalia, na mara nyingi hakukuwa na kilichobaki. Mwisho wa yote skrini iliandika kwa herufi kubwa: KAZI IMEKWISHA. ASANTE.

Alijivunia kitu hicho kupita kiasi. Mafundi walitoka mpaka Ngong na fleshi zao kuja kumwomba, naye akawapa huku akijifanya si jambo kubwa.

Jumatatu moja wazee wawili walitoka Kajiado wakamletea laptopu iliyofungwa kwenye leso. Mwanamke ndiye alitangulia, mnene, mchangamfu, na kofia ya kanisani kichwani ingawa haikuwa siku ya kanisa. Nyuma yake alikuja mzee mrefu wa koti la kijivu, na shingoni kitambaa cheupe kilichofungwa vizuri.

"Sopa, mzee!" Resian alimwamkia kwa Kimaasai kutoka nyuma ya magunia.

Mzee hakujibu. Aligusa kofia yake, akatabasamu. Resian akamkazia macho, na alipomtambua alijishika mdomo. Alipita mbele yake haraka akamnong'oneza Nalianya mlangoni.

"Huyo ni Ngigi. Yule dalali wa mbuzi wa Kajiado. Wee, huyo mtu akiita bei sokoni, sauti inafika mpaka kwa reli. Babangu alikuwa anauza kwake tu, ata kama bei ni mbaya, juu ya kupenda kumsikia. Nilisikia alikatwa koo, sikuamini."

Ilikuwa kweli. Saratani ilikuwa imeshika koromeo, madaktari wakalitoa lote, na sauti ikaenda nalo. Mzee Ngigi sasa alipumulia tundu lililokuwa chini ya kile kitambaa. Alizungumza kwa mikono, kwa simu aliyoandikia kwa kidole kimoja, na kwa mdomo wa mke wake, ambaye wote walimwita Mama Jackie.

"Tulikuwa tunapaka nyumba rangi," Mama Jackie alieleza, akifungua leso. "Tukasukuma meza, laptopu ikaanguka. Ni ya msichana wetu, aliiacha nyumbani alipopata kazi. Harusi yake ni Jumamosi hii. Sasa ukiiwasha inalia tu tik, tik, haifunguki."

Nalianya alitoa diski, akaisikiliza kwa sikio. Iliugua, hilo halikuhitaji shule. Akaiunganisha na kompyuta yake, na kwa bahati ikaonekana, folda zote zikajipanga kwenye skrini.

"Iko na uhai kidogo," akasema. "Mnataka nitoe nini?"

Mama Jackie alimtazama mumewe. Mzee alitikisa kichwa, kidole mdomoni.

"Toa kila kitu," mama akasema.

Kila kitu! Nalianya alifurahi, kwa sababu kila kitu ndiyo kazi iliyoandikiwa skripti yake. Fundi yeyote mwenye akili timamu, akiwa na diski gonjwa mkononi, angeuliza swali la pili: nianze na gani? Hakuuliza. Aliwavutia viti, akawageuzia skrini, akabonyeza.

Namba ikaanza kupanda. Picha za chuo zikavuka, nyimbo zikavuka, na takataka za mitandaoni ambazo hata Jackie mwenyewe hakujua anazo. Mzee Ngigi aliketi wima, mikono magotini, macho hayabanduki. Namba ilipofika ishirini aliinua mkono wa kulia juu, akanyoosha kidole kwa Resian mlangoni, kisha kwa mkewe, kisha kwa Nalianya. Nani anaongeza? Ilipofika thelathini akapunga tena, nyusi juu, akimbembeleza mnunuzi asiyekuwepo. Alikuwa anaipigia mnada ile namba! Resian alicheka hadi akaegemea mlango. Wateja wake wawili wakaacha kupima chakula cha kuku wakaja kuchungulia. Mama Jackie alikuwa anacheka na kufuta macho kwa ncha ya leso.

"Tangu hospitali hajafanya hivi," akasema. "Haki ya Mungu, hajafanya."

Nalianya naye alikuwa amejaa furaha mpaka kooni. Ni yeye aliyemrudishia mzee huyu soko, si ni yeye? Ni namba yake.

Kwenye sabini mzee alishikwa na kikohozi cha lile tundu. Akatoka nje kujisafisha, kwa sababu hakupenda watu wamwone. Hapo ndipo Mama Jackie alipomsogelea fundi na kunena haraka, kwa sauti ya chini.

"Hataki niseme, lakini wacha nikwambie uombee. Kabla hajakatwa, siku ya mwisho yake na sauti, alijifungia chumbani na hiyo laptopu. Akarekodi baraka za Jackie. Za siku ya harusi, zote, vile babake mwenyewe alimbariki yeye na vile babu alimbariki baba. Mimi nilitolewa nje. Jackie hajasikia. Akasema mtu asifungue mpaka siku yenyewe, eti baraka ikisikizwa kabla inakuwa hadithi. Jumamosi ataweka mkono kwa kichwa cha msichana, na sauti yake itoke kwa spika. Hiyo ndiyo kitu anaishi kungojea, fundi. Madaktari wameshatuambia hatafika mwaka mwingine."

Nalianya aliigeukia skrini.

"Ni video?"

"Ni video. Ndefu. Aliongea mpaka nikachoka kukaa nje."

Video ndefu. Faili kubwa kuliko zote ndani ya diski nzima, na skripti yake ilikuwa imeipanga mwisho kabisa, nyuma ya nyimbo, nyuma ya picha za keki, nyuma ya kila upuuzi. Wakati huohuo aliisikia diski ikikwaruza, sauti fupi, kama mtu anayekohoa usingizini. Akaelewa yote kwa mara moja. Uhai mdogo uliobaki ndani ya kile chuma ulikuwa unatumika kupandisha namba.

Dawa ilikuwepo, tena rahisi. Vitufe viwili tu, skripti ingekatika, naye angeingia mwenyewe akaichukua ile video moja kabla ya kitu kingine chochote. Mkono ulikuwa umeshafika kwenye kibodi.

Mzee Ngigi akaingia. Alikuwa amekaza kitambaa chake upya, macho yanang'aa. Akaiangalia namba: themanini na mbili. Akainua mikono yote miwili juu, akawaonyesha watu wa mlangoni, nao wakashangilia, "Ongeza, mzee! Ongeza!"

Ukikata skripti, namba inafutika. Skrini inarudi nyeusi. Nalianya angelazimika kumweleza mzee kwa nini kitu kilichokuwa kimefika themanini na mbili sasa hakipo, kwamba ilikuwa mpangilio wa kijinga, kwamba yeye ndiye aliuweka. Na wale watu wote mlangoni wakisikia. Alimtazama mzee usoni. "Imebaki kidogo tu," alijiambia. "Itafika."

Akautoa mkono kwenye kibodi. Hilo ndilo kosa lake, na asitafute jingine.

Kwenye tisini na saba namba ilisimama. Diski ililia krrr, ndefu, mara mbili. Kisha ikanyamaza kabisa, hata ule mzunguko wake haukusikika tena. Na namba, ambayo ilikuwa imechoka hivyo, ghafla ikapata mbio: tisini na nane, tisini na tisa, mia. KAZI IMEKWISHA. ASANTE.

Mzee Ngigi alipiga meza kwa kiganja, pa! Mbuzi ameuzwa. Watu wakapiga makofi. Alimshika Nalianya mkono kwa mikono yake miwili, akautikisa, midomo yake ikisema kitu ambacho hakikuwa na haja ya kutafsiriwa.

"Wacha niangalie kidogo kama..." Nalianya alianza.

Mzee alitikisa kidole. Hapana. Akaweka kiganja sikioni, akatikisa tena.

"Hataki ifunguliwe," Mama Jackie alisema. "Si nimekwambia? Na si imefika mia?"

Angeweza kuangalia bila kufungua. Ukubwa wa faili unaonekana nje, mtoto wa shule anajua hilo. Lakini mtu anayeogopa jibu huwa mpole sana wa kutii, na Nalianya alitii. Akawahamishia folda yote kwenye fleshi, akampa mzee, mzee akaitia mfuko wa ndani wa koti. Diski alibaki nayo, akawaambia ataikagua zaidi. Walipoondoka Resian alimsifu mpaka akaona haya. Hapo ndipo alipoangalia.

Faili ilikuwepo, na jina lake lilikuwa BARAKA ZA JACKIE. Ukubwa wake, sifuri.

Aliirudisha diski kwenye waya. Haikuzunguka. Aliitikisa, akaipoza, akaipasha joto mikononi, akabadilisha waya zote alizokuwa nazo, akamwita Mungu. Wapi!

Kesho yake aliipeleka Nairobi kwa Ochola, fundi mmoja anayefungua diski ndani ya chumba kisicho na vumbi. Ochola aliipokea, akasema ana kazi nyingi, angoje mpaka Ijumaa. Nalianya alikuwa bado kwenye ngazi za jengo lile Mama Jackie alipopiga simu.

"Fundi, watu wa spika wanataka kujaribu ile fleshi. Mzee amekataa. Kuna haja kweli?"

"Hapana, mama. Msiifungue." Alishuka ngazi moja. "Kuna faili moja nairudia, ndio iwe safi zaidi. Nitawaletea mwenyewe."

"Si ilifika mia?"

"Ilifika. Ni ya kuhakikisha tu."

Kisha akamsikia akimweleza mumewe pembeni, na mguno wa pumzi ukimjibu.

"Mzee anauliza saa hii imefika wapi."

Diski ilikuwa juu ya meza ya Ochola, haijaguswa hata na bisibisi.

"Sabini," Nalianya akasema.

Alhamisi wakampigia tena, akasema tisini. Na alipolitamka aliisikia furaha ile kule ng'ambo ya simu, mkono ukipiga paja, akajichukia. Lakini angesema nini? Kila siku aliyonyamaza ilikuwa imeifanya siku iliyofuata kuwa ngumu zaidi, na sasa hakuona tena mlango wa kutokea.

Ijumaa asubuhi Ochola alimwita. Alikuwa ameitoa ile sahani ndogo inayong'aa ndani ya diski, na juu yake palikuwa na mkwaruzo wa duara.

"Hapa hakuna kitu," alisema. "Imejisugua mpaka ikaisha. Ungeniletea ilipoanguka tu, ningetoa hiyo video yako bila shida. Ata wewe mwenyewe ungeitoa, ungeanza nayo. Lakini mtu amekaa akaisomesha mafaili maelfu kwanza. Nani alifanya ujinga kama huu?"

"Wenyewe tu," Nalianya alijibu. "Huko nyumbani."

Ochola alisonya. Nalianya akabeba kipande chake cha chuma akaenda Kajiado.

Alifika mchana. Hema lilikuwa linasimamishwa, wanawake walikuwa wamelizunguka karai la viazi wakimenya na kuimba, na rangi mpya ya nyumba ilikuwa bado inanuka. Mama Jackie alimwona akaja mbio, mikono yote maji.

"Umeileta?"

Nalianya akamchukua nyuma ya jiko akausema ukweli wote: faili tupu, diski iliyokufa, mpangilio wa ndogo kutangulia kubwa. Mama Jackie alisikiliza bila kupepesa. Hakupiga kelele, na ingekuwa afadhali angepiga.

"Kwa nini ulianza na nyimbo?" akauliza.

"Ndio muone inasonga, mama."

"Nani alikwambia tunataka kuona inasonga? Tulikuja kwako ndio tuone?" Akasogea karibu. "Nilikwambia. Nilikwambia na mdomo wangu, na ilikuwa bado inaenda. Si ungeisimamisha?"

Nalianya aliangalia viatu vyake.

"Mzee alikuwa amefurahi," akasema.

Alidhani atapigwa kofi, na kwa hakika mkono wa yule mama ulikuwa umeinuka. Lakini akaushusha, akaupangusa kwenye rinda, akaingia ndani kumwambia mumewe. Wale wanawake wa viazi waliendelea kuimba.

Mzee Ngigi alipotoka alikuwa nusu amenyolewa, shavu moja safi na jingine lina povu limekauka. Alikuja polepole mpaka mbele ya Nalianya, akasimama. Akatoa simu, akaandika kwa kile kidole kimoja, akamgeuzia.

Niliona mia.

"Ni kweli, mzee. Iliandika mia." Nalianya alikuwa analia sasa, mtu mzima na ndevu zake. "Namba hiyo haikuwa inahesabu kitu kimepona. Ilikuwa inahesabu tu faili zilizopita. Niliiandika hivyo mimi mwenyewe. Na nilijua kabla haijaisha, ningeweza kuisimamisha. Nisamehe."

Mzee aliandika tena, akafuta, akaandika.

Sasa ulikuwa unanionyesha nini?

Mzee alingoja, kwa adabu kabisa, kisha akairudisha simu mfukoni na kurudi kwa kinyozi wake.

"Kesho utakuja," Mama Jackie alimwambia akiwa mlangoni. "Usijifanye mgonjwa. Utakuja usimame pale kwa spika, uone."

Alikwenda. Alisimama pale alipoambiwa, kando ya spika, suti yake ikimbana kwapani. Kanisani walikuwa wamemaliza, watu wamekula, hema limejaa: wa kwao mzee upande huu, wa bwana harusi upande ule, na nyuma kabisa wazee wa Kimaasai waliomuuzia Ngigi mbuzi miaka yote hiyo, wamekuja na fimbo zao na shuka safi. Mshereheshaji alikuwa Kiema, kijana wa Machakos, mwenye maneno matamu na jicho moja kwenye saa.

"Sasa ni baraka za baba!" Kiema alitangaza. "Mzee wetu, mnajua hali yake, atabariki kimyakimya. Tusimame."

Walisimama. Jackie alipiga magoti kwenye mkeka, shela limemfunika mabega, naye Mzee Ngigi akaweka mkono wake mkubwa juu ya kichwa cha binti yake. Akainua uso. Midomo yake ikaanza.

Wajua baraka za kwao zinavyokwenda. Mzee anasema mstari, anatua, na watu wote kwa pamoja wanaitikia thaai, ndiyo amani. Anasema mwingine, thaai. Ni sauti yake inayowaambia saa ya kuitikia, jinsi inavyopanda na kushuka. Sasa midomo ilikwenda, na kutoka kwenye tundu la shingo ilitoka pumzi tu, fyuu, fyuu, ikikipeperusha kile kitambaa. Midomo ikatua. Hakuna aliyejua kwamba imetua. Ilipokuwa imeshaanza mstari mwingine, shangazi mmoja akasema thaai, peke yake, akaona haya. Wengine wakaja kumwokoa, thaai, thaai, kila mtu kwa wakati wake. Wazee wa nyuma wakaitikia kwa Kimaasai chao, naai. Sauti ziligongana hewani, zikafa. Mstari uliofuata wakajaribu tena, wakakosea tena. Halafu wakaacha kujaribu.

Mzee aliendelea. Ilikuwa ni ile ndefu, ile aliyoisema chumbani siku ile, neno kwa neno. Ungeiona usoni mwake kwamba alikuwa anaikumbuka yote. Watu walianza kubadilisha miguu. Chupa ya soda ilianguka ikabiringika. Mtoto akamnyooshea babu kidole akauliza kwa sauti, "Guka anakula nini?" na mamake akamfinya. Mama Jackie alikuwa amefumba macho, mikono kifuani. Wengine waliangaliana: ameanza tena, au bado ni ileile? Amekaribia?

Kiema aliangalia saa. Kulikuwa na keki, kulikuwa na zawadi, na mvua ilikuwa inajikusanya upande wa Namanga. Mzee alinyamazisha midomo avute pumzi, Kiema akaona nafasi yake.

"Na tuseme ameni!" alinguruma kwenye kipaza sauti. "Mpigieni mzee makofi! Makofi mengi!"

Hema zima likalipuka kwa makofi, na ndani ya makofi hayo mlikuwa na nafuu, kila mtu aliisikia. Muziki ukafunguliwa.

"Bado!" Nalianya alipiga kelele. "Bado hajamaliza!" Lakini alikuwa amesimama kando ya spika, na spika ilimeza kila alichosema. Watu walikuwa wameshaketi, viti vinaburutwa, wasichana wanaingia wakicheza na keki.

Mzee Ngigi hakuuondoa mkono. Midomo yake ilirudi pale ilipoachia ikaendelea, katikati ya ngoma. Bwana harusi aliinama akamshika Jackie kiwiko amwinue, Jackie akautoa mkono wake. Alibaki palepale juu ya magoti, kichwa chini ya kiganja cha babake, macho mkekani, akimngoja amalize, na hakuwa na njia yoyote ya kujua amefika wapi.